Taa ya tangi la samaki: si kila mwanga mkali hustawisha mimea

TANGI la samaki la kioo, ambalo wengi hulifahamu kwa jina la akwariamu, limekuwa pambo la kawaida katika kumbi za hoteli, vyumba vya kusubiria wagonjwa na sebule za baadhi ya nyumba za mijini.

Hata hivyo, wapo wafugaji wasioridhika na samaki na changarawe za rangi pekee. Hao hutaka mimea hai, majani yanayoyumba majini na samaki wakipita katikati yake kama walivyozoea kwenye mito na maziwa walikotoka.

Hapo ndipo matatizo huanza. Mmiliki hununua mimea kwa bei isiyo ndogo, huipanda kwa uangalifu, kisha huenda dukani kutafuta taa yenye mwanga mkali kuliko zote, kwa imani kwamba jua ndilo chakula cha mmea na kwamba chakula hakizidi. Baada ya wiki tatu au nne, majani hufunikwa na nyuzi za kijani, kioo hupata utando unaoteleza, na maji hugeuka rangi mithili ya mchuzi wa mchicha. Samaki nao, alfajiri, huonekana wamekusanyika juu wakihema.

Wa kwanza kulaumiwa huwa ni aliyeuza mimea, kisha maji ya bomba. Mara nyingi, mkosaji yuko juu ya tangi, akining'inia kwenye waya wake.

Ili kuelewa kinachotokea, ni lazima kukumbuka somo la usanisinuru la shule ya msingi. Mmea hutumia nguvu ya mwanga kuunganisha maji na hewa ya ukaa ili kujitengenezea sukari, na hutoa oksijeni katika kazi hiyo. Pamoja na hayo, huhitaji virutubisho kama naitrojeni, fosforasi, potasiamu na chuma. Kuongeza mwanga ni sawa na dereva kukanyaga mafuta: injini huzunguka kwa kasi zaidi, lakini pia hudai zaidi. Pale ambapo hewa ya ukaa na virutubisho havipo vya kutosha, mmea hukwama huku mwanga ukiendelea kumiminika.

Chini ya maji, upungufu huo huja mapema kuliko nchi kavu. Hewa ya ukaa husambaa ndani ya maji kwa kasi ndogo mno, takriban mara 10,000 chini ya kasi yake hewani. Maji yaliyotulia yakiachwa wazi hubaki na takriban nusu miligramu tu ya hewa hiyo kwa kila lita. Mwani, ambao ndio zile nyuzi na ule utando wa kijani, hauna mizizi wala shina la kulisha. Huridhika na kidogo, huongezeka haraka, na hutumia kila mwanga ambao mimea imeshindwa kuutumia.

Usiku mambo hugeuka. Taa ikizimwa, mimea na mwani huacha kutoa oksijeni na huendelea kuivuta, sawasawa na samaki. Tangi lililojaa mwani huweza kufikia alfajiri likiwa na oksijeni haba, na hiyo ni sababu mojawapo ya samaki kukimbilia juu. Mfugaji asiyejua hilo hudhani wana njaa, huwatupia chakula, na chakula kinachobaki huoza na kuulisha mwani uleule.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza kwa anayetaka kununua taa si wati ngapi wala bei gani. Swali la kwanza ni: mimea gani itapandwa?

Bahati nzuri kwa wafugaji wa ukanda huu, baadhi ya mimea inayovumilia mwanga hafifu kuliko yote duniani ni ya Afrika. Mmea wa Anubias, unaotoka Afrika Magharibi na ya Kati, huota kandokando ya vijito vya msituni, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Majani yake ni magumu kama ngozi na hukua polepole, hivi kwamba jani moja huweza kuchukua wiki kadhaa kujitokeza. Jani linalokaa muda mrefu hivyo, likimulikwa na taa kali, huwa kiwanja cha mwani. Jamaa yake wa makazi, jimbi la majini liitwalo Bolbitis heudelotii, nalo hupenda kivuli na maji yanayotembea. Yote miwili hufungwa kwa uzi kwenye jiwe au kipande cha gogo. Shina lake la kutambaa likizikwa mchangani huoza.

Kwa wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao kwa miongo mingi wamesafirishwa kwenda kwa wafugaji wa Ulaya, Marekani na Asia, mmea wa asili upo. Huo ni Vallisneria, wenye majani marefu kama utepe, ambao huota ziwani humo. Mmea huu una uwezo ambao mingine mingi haina: huweza kuchota kaboni kutoka kwenye chumvi za bikaboneti zilizomo katika maji magumu, hivyo haubanwi sana na uhaba wa hewa ya ukaa. Mwanga wa kadiri huutosha.

Kundi la pili ni mimea ya mwanga wa kati, kama vile aina nyingi za Echinodorus za Amerika Kusini. Kundi la tatu ndilo linalowaponza wengi. Humo mna mimea myekundu yenye shina refu na ile midogo inayotandaa kama zulia, mfano Hemianthus callitrichoides wa Cuba. Mimea hiyo huvutia sana pichani, lakini hudai mwanga mkali, mbolea ya mara kwa mara, na mtungi wa kuingizia hewa ya ukaa majini. Asiyekuwa tayari kugharimia mtungi huo afadhali asinunue taa yake.

Mtungi wenyewe si mchezo. Wanaoutumia hulenga miligramu 20 hadi 30 za hewa ya ukaa kwa lita, na ikipita kiasi samaki hulewa na kufa. Aidha, hakuna faida ya kuifungulia usiku, kwa kuwa mimea haiitumii gizani.

Baada ya mimea kujulikana, ndipo hesabu ya mwanga inapofuata, na hapa ipo kanuni ya zamani inayopaswa kuwekwa kando. Kwa miaka mingi wafugaji walipimia kwa wati: takriban robo wati kwa lita kwa mimea ya kivuli, nusu wati kwa ile ya kati, na wati nzima kwa ile inayopenda mwanga mkali. Kanuni hiyo ilitungwa enzi za taa za tyubu, ambazo zilikuwa zikifanana. Wati ni kipimo cha umeme unaoliwa na taa, si cha mwanga unaotoka. Balbu ya zamani ya uzi hutoa lumeni 10 hadi 15 tu kwa kila wati, tyubu nzuri hutoa 80 hadi 100, na taa ya LED ya kisasa hupita 100. Anayenunua LED kwa kanuni ya tyubu hujikuta ameliwekea tangi lake mwanga uliozidi.

Kipimo kilicho karibu zaidi na ukweli, kwa mtu asiye na vyombo vya maabara, ni lumeni kwa lita, kwani idadi ya lumeni huandikwa kwenye maboksi mengi ya taa. Lumeni 10 hadi 20 kwa lita hutosha mimea ya kivuli, 20 hadi 40 hufaa ile ya kati, na zaidi ya 40 ni ya wenye mitungi.

Chukua mfano wa tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 36. Likijazwa pomoni hubeba karibu lita 65. Ukiondoa mchanga, mawe na nafasi ya juu, maji halisi ni kama lita 54. Kwa lumeni 20 kwa lita, panahitajika lumeni 1,080, yaani taa ya LED ya wati 11 hivi. Ikiwashwa saa nane kwa siku, taa hiyo hutumia uniti 2.6 za umeme kwa mwezi. Tyubu mbili za wati 18 kila moja, zikiwashwa muda huohuo, hutumia zaidi ya uniti nane.

Lumeni nayo ina kasoro yake. Hupima mwanga jinsi jicho la binadamu linavyouona, na jicho letu huathiriwa zaidi na kijani na njano. Umbijani, ile rangi iliyomo kwenye majani, hunasa zaidi bluu na nyekundu. Ndiyo maana wataalamu hupima chembe za mwanga zenye urefu wa mawimbi kati ya nanomita 400 na 700 zinazoangukia mita moja ya mraba kwa sekunde, kwa kipimo cha mikromoli. Mimea ya kivuli huishi vizuri kwa 15 hadi 30 pale chini kwenye mchanga, na ile ya kati kwa 30 hadi 50. Jua la saa sita mchana katika nchi za Ikweta hutoa karibu 2,000.

Tarakimu hiyo inajibu swali la wale wanaouliza kwa nini wasiliweke tangi dirishani na kuokoa umeme. Mwanga wa dirisha hauna swichi. Hulijaza tangi mwani na, katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, huyapasha moto maji ambayo tayari yana joto la kutosha. Mimea mingi ya matangi hupendelea nyuzijoto 22 hadi 28, na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba oksijeni kidogo.

Kina cha tangi nacho husahaulika. Mwanga hupungua kadiri unavyoshuka, hasa kwa sababu hutawanyika, ingawa vioo vya pembeni huurudisha kiasi ndani. Tangi lenye kimo cha sentimita 60 huhitaji taa yenye nguvu zaidi kuliko lenye 36, hata kama lita zake ni zilezile. Kwa anayeanza, tangi fupi na pana ni rahisi kuliko refu na jembamba, ingawa maduka hupenda kuuza hayo marefu kwa kuwa hupendeza machoni.

Kwenye maboksi ya taa pia huandikwa rangi ya mwanga kwa vipimo vya Kelvini. Taa ya Kelvini 2,700 ni ya manjano kama balbu ya zamani, ya 6,500 hukaribia mwanga wa mchana, na zaidi ya 10,000 huelekea bluu. Kwa mimea, taa za kati ya 5,000 na 7,000 hufaa, na rangi za majani na samaki huonekana kama zilivyo. Zile za bluu nzito hutengenezwa kwa ajili ya matangi ya matumbawe ya maji ya bahari. Wapo wanaozinunua kwa kuwa ni ghali, wakiamini kwamba ghali ndiyo bora, kumbe wamelipia mwanga wa kiumbe mwingine.

Vivyo hivyo kwa taa za zambarau zinazotumika kukuzia miche. Mimea huikuza, hilo halina ubishi, lakini sebule hugeuka ukumbi wa dansi na samaki wote huonekana wa rangi moja.

Aina ya taa, siku hizi, haina mjadala mrefu. Tyubu zilitawala kwa miongo, zile nene za T8 zenye kipenyo cha milimita 26 na baadaye nyembamba za T5 zenye milimita 16. Ubaya wake ni kwamba mwanga hutoka pande zote, hivyo bila bati la kuurudisha chini, sehemu kubwa huishia darini. Isitoshe, hufifia polepole bila jicho kugundua, na wafugaji wengi walizibadilisha kila mwaka hata kama zilikuwa bado zinawaka. Zile taa kubwa za halaidi ya metali, zilizoning'inizwa juu ya matangi makubwa, zilitoa mwanga mzuri lakini zilikuwa kama jiko.

Tyubu zina zebaki ndani, na hilo ndilo linaloziondoa sokoni. Umoja wa Ulaya ulizuia uuzaji mpya wa tyubu za T5 na T8 kuanzia Agosti 2023. Novemba mwaka huohuo, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki, zilipokutana mjini Geneva, zilikubaliana kukomesha utengenezaji na biashara ya kimataifa ya taa za tyubu ifikapo mwisho wa mwaka 2027. Nchi za Afrika zilikuwa mstari wa mbele kudai hatua hiyo. Mwenye tyubu inayofanya kazi hana sababu ya kuitupa leo, ila ikivunjika asiifagie kwa mikono mitupu, wala vipande visiingie majini.

LED ndiyo iliyobaki. Nuru yake nyeupe iliwezekana baada ya kupatikana kwa LED ya bluu, kazi iliyowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Wapenzi wa matangi ya mimea humfahamu Amano mwingine, Takashi Amano, mpiga picha wa Japani aliyeueneza duniani mtindo wa kupanga mawe, magogo na mimea kama mandhari ya asili. Kazi yake kubwa ya mwisho, tangi la urefu wa mita 40 lenye lita 160,000, ilifunguliwa mjini Lisbon mwaka 2015, miezi michache kabla ya kifo chake.

Maboksi ya LED hujivunia maisha ya saa 50,000, ambayo kwa saa nane kwa siku ni takriban miaka 17. Hesabu hiyo ni ya chembe za taa zenyewe. Kinachokufa mapema huwa ni kile kisanduku kidogo cha kubadilishia umeme, hasa pale kinapofungiwa mahali pasipo na hewa. LED haipendi joto, hivyo ile yenye mgongo wa alumini na nafasi ya kupumua huzidi kudumu. Haidhuru ikiwa si ya duka la samaki: taa ya kawaida ya nje ya Kelvini 6,500, yenye alama ya IP65 au zaidi kuonyesha kwamba haiingiliwi na maji, hukuza mimea vizuri na bei yake huwa nafuu.

Mwenye taa kali asiyetaka kununua nyingine anaweza kuinyanyua juu zaidi, au kuacha mimea inayoelea ifunike sehemu ya maji. Hapa tahadhari ni muhimu. Magugu maji yaliyoonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na ambayo yamewasumbua wavuvi tangu hapo, ni mmea wa Amerika Kusini uliosambazwa duniani kama pambo kutokana na uzuri wa maua yake. Mimea inayopunguzwa tangini ikaushwe juani au ichomwe. Isitupwe mtaroni, mtoni wala ziwani.

Kuhusu muda, saa nane zinatosha. Tangi jipya lianze na saa sita kwa wiki chache za mwanzo, mizizi ikishika ndipo ziongezwe. Ratiba ya saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni hufaa wanaoshinda nyumbani. Wafanyakazi wanaotaka kulifurahia tangi jioni wanaweza kuwasha saa 2 hadi saa 6 mchana, kuzima, na kuwasha tena saa 10 hadi saa 2 usiku. Mapumziko ya mchana yanatetewa pia na Diana Walstad, Mmarekani aliyetoa mwaka 1999 kitabu kinachosomwa sana kuhusu ikolojia ya matangi ya mimea, kwa hoja kwamba hewa ya ukaa hupata muda wa kujijaza upya majini. Kuacha taa ikiwaka usiku kucha kwa ajili ya wageni ni kuwatesa samaki, nao huhitaji giza.

Mwani ukianza kujitokeza, hatua ya kwanza ni kupunguza saa mbili za mwanga na kufuta vumbi na chokaa kwenye kifuniko cha kioo, kisha kusubiri wiki mbili kabla ya kubadilisha kitu kingine. Dawa za kuua mwani hazishauriwi. Mwani uliokufa kwa pamoja huoza na kumaliza oksijeni.

Kuna suala la usalama ambalo muuza duka halitaji. Waya wa taa uachwe uning'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia humo, ili tone la maji linaloteremka kwenye waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Fundi umeme aombwe kufunga kifaa kinachokata umeme papo hapo unapovuja, na vifaa vyote vichomolewe kabla ya mtu kutumbukiza mkono tangini.

Umeme ukikatika, mimea huvumilia giza la siku moja au mbili bila madhara. Walio hatarini ni samaki, kwa kuwa pampu nayo husimama. Kuchota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara huwarudishia hewa. Unaporudi, kitu cha kukagua ni saa ya kuwashia taa. Zile za kuzungushwa kwa mkono husimama pamoja na umeme, na baada ya kukatika mara tatu nne kwa wiki, taa iliyopangiwa saa 12 jioni huweza kuwa inazimika saa 4 usiku bila mwenyewe kujua.